Jua lipo, paneli zipo, friza imezima: kisa cha betri Kigamboni

Simu iliingia saa sita na nusu mchana, jua likiwa utosini.

"Fundi, nimeambiwa wewe unajua mambo ya sola. Mimi nina paneli nane juu ya paa. Umeme umekatika tangu asubuhi na ndani sina hata taa. Hebu njoo unieleze."

Nilivuka na pantoni jioni ile. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Mwaka 2022 alichukua sehemu ya kiinua mgongo akafunga paneli nane za wati 450, yaani kilowati 3.6, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa kutumika nyumbani, ya aina ya kuunganisha na gridi, yaani umeme wa nguzo. Mkewe anauza samaki wa kugandisha na barafu za ubuyu, na friza yake ipo kwenye kibaraza cha nyuma. Nilipofika alikuwa anagawa vibua kwa majirani kwa bei ya kutupa, maana hadi asubuhi wasingefika.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nionyeshe kosa liko wapi."

Kosa halikuwepo, na hilo ndilo lilimuudhi zaidi. Inveta aliyouziwa ni ile inayofuata umeme wa nguzo. Haina wimbi lake yenyewe, inasikiliza la gridi na kuingiza umeme wa jua sambamba nalo. Gridi ikizima, nayo sharti izime ndani ya muda mfupi, kwa sababu kuna mtu anaweza kuwa juu ya nguzo mtaa wa pili akiamini waya alioushika umekufa. Ulinzi huo umewekwa makusudi na ni wa lazima. Ila ina maana paneli nane zinaweza kukaa juani siku nzima na nyumba chini yake ikawa giza. Aliyemfungia alimwambia bili itapungua, na kweli ilipungua. Kuhusu siku ya kukatika hakumwambia kitu.

Mambo hayo yalikuja kuonekana wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, umeme ulipokuwa ukiondoka kwa saa nyingi kwa zamu. Mwalimu alitafuta suluhisho la haraka. Mtu mmoja akamuuzia betri mbili za lori, zile N200, na inveta ndogo ya kuchaji kwa umeme wa kawaida. Umeme ukiwepo zinajaa, ukikatika zinawasha friza na taa. Miezi miwili ya kwanza aliisifia kila mahali. Mwezi wa nane zilikuwa zinashika friza kwa dakika ishirini, kisha inveta inapiga kelele.

Nilizikuta bado zimekaa stoo ya jiko, hatua moja kutoka mtungi wa gesi. Vichwa vya betri vimeota unga mweupe wenye ukijani, kama chumvi iliyoganda kwenye jiwe la pwani. Kiunganishi kimoja hakikubanwa kwa mashine, kilikunjwa kwa koleo, na plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka sentimita nne hivi kutoka kwenye kichwa. Betri za maji zikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni. Stoo ile haina dirisha. Kabla ya mazungumzo yoyote ya betri mpya, niliomba mtungi uhame usiku uleule.

N200 imetengenezwa kuamsha injini. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha altaneta, kifaa cha gari kinachozalisha umeme injini ikizunguka, inairudishia. Bamba zake za risasi ni nyembamba. Ukiikamua hadi mwisho kila usiku, bamba zinajengeka ukoko wa salfeti ambao hautoki tena. Lebo inasema volti 12, ampea-saa 200, kwa hiyo mbili ni kilowati-saa 4.8 kwenye karatasi. Kwa betri za risasi, hata zile za kazi ya sola, mtu mwenye busara anahesabu nusu tu ya namba hiyo. Mwalimu alikuwa anazitumia zote, na kwenye joto la stoo iliyoshikana na jiko. Betri ya risasi inayokaa kwenye joto la nyuzi 35 huishi takriban nusu ya ile iliyo kwenye nyuzi 25.

Kijana wake aliyeko mjini alikuwa tayari amepigiwa hesabu na duka: betri mbili za lithiamu, jumla kilowati-saa 10, na inveta mpya. Mwalimu alitaka nikubali tu niende kufunga. Nikamwomba wiki mbili.

"Wiki mbili za nini?"

"Za kuhesabu usiku, mwalimu."

Kila mtu mwenye mita ya luku, ile ya kulipia kabla, anaweza kufanya nilichofanya. Saa 12 jioni unasoma namba ya uniti kwenye mita (uniti moja ni kilowati-saa moja), saa 12 asubuhi unasoma tena. Usiku hakuna jua la kuchanganya hesabu, kwa hiyo tofauti ya namba hizo mbili ndiyo nyumba yako ilivyokula. Mama alijitwisha kazi hiyo. Aliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, pembeni ya jokofu, na pale penye namba kubwa akaongeza neno moja la maelezo: "pasi", "maharage", "maji". Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijapata ripoti nzuri kuliko kalenda ile.

Wiki ya kwanza wastani ulikuwa uniti 6.2 kwa usiku. Lakini zilivyotawanyika ndiko kuliko na habari. Jumanne moja 4.3, Jumapili 7.6. Jumapili jioni wajukuu wananyooshewa sare za wiki nzima, pasi ya wati 1,200 inawaka karibu saa nzima. Maharage yanachemshwa usiku kwenye jiko la presha la umeme. Pampu inajaza simtanki alfajiri kwa sababu ndivyo walivyozoea tangu maji ya mtaa yalipokuwa yakija usiku tu, miaka iliyopita, ingawa siku hizi wana kisima.

Wiki ya pili tulihamisha pasi, maharage na pampu kwenda mchana. Wastani ukashuka hadi 4.1, bila kununua chochote. Zilizobaki ni kazi halali za usiku: friza na jokofu pamoja uniti 1.2 hivi, feni tatu za wati 60 kwa saa nane kama uniti moja na nusu, televisheni na king'amuzi nusu uniti, taa za ndani na mbili za nje zinazokesha 0.7, intaneti na simu zilizochomekwa kila kona 0.2.

Hapo mwalimu akafurahi. Betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5.12 itatosha, akasema, nusu ya gharama ya duka.

Sikuweza kumkubalia moja kwa moja. Betri hiyo ni seli 16 za volti 3.2 zilizopangwa mstari, volti 51.2, ampea-saa 100. Ukiiachia asilimia kumi ya chini ili idumu, unabaki na 4.6. Na uniti 4.1 zinazofika kwenye feni hazitoki kwenye betri zikiwa 4.1. Inveta inakula njiani karibu sehemu moja ya kumi inapogeuza umeme. Halafu yenyewe, ikikaa tu imewaka bila kazi, inavuta kama wati 50. Usiku mzima wa saa 12 ni 0.6 nyingine. Jumla ni zaidi ya 5. Ukiitumia betri hiyo kama ndiyo umeme pekee wa nyumba, itaisha kabla jua halijatoka. Wauzaji wengi hawagusi hesabu hii ya wati 50, na ndiyo inayowaumiza watu wenye mifumo midogo, maana inveta ya kilowati 5 inakula sawasawa, iwe inawasha nyumba au inawasha taa moja.

Swali likarudi kwa mwalimu: betri hii ni ya nini? Ya kupunguza luku au ya siku ya kukatika? Watu hujibu "vyote", na betri kubwa ya kutosha hufanya vyote. Betri ndogo inagombaniwa. Ukiikamua kila usiku kuokoa uniti, usiku wa kukatika utaikuta tupu. Ukiitunza ikiwa imejaa kusubiri giza, haikuokolei hata shilingi.

Tukaweka fedha mezani. Kwa kiwango chake cha luku wakati ule, elfu kumi ilimpa uniti 28 hivi, kama shilingi 357 kwa uniti. Betri aliyopewa bei ilikuwa milioni 3 na laki moja. Ikitumika kwa busara, ikiachiwa akiba, inaokoa kama uniti 2.5 kwa usiku. Kwa mwaka ni shilingi 325,000 na kitu. Miaka tisa na nusu kurudisha hela ya betri pekee, inveta bado hatujaigusa. Mwalimu alifundisha hesabu, hakuhitaji nimalizie.

Mama ndiye aliyelifunga suala. Aliuliza friza ikijaa kibua na jodari ina mzigo wa shilingi ngapi, akajibu mwenyewe, na akasema kwa mwaka ule wa mgao alitupa mzigo mara tatu. "Mimi sitaki kupunguza luku," akasema. "Nataka samaki wangu walale salama." Hapo tukajua tunanunua nini.

Kulikuwa na hoja nyingine iliyotusaidia kutulia na betri moja. Bwawa la Mwalimu Nyerere lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja ikiwashwa mmoja baada ya mwingine, na mgao wa zamu ukaondoka. Kilichobaki mtaani kwao ni kukatika kwa kawaida: mti umegusa waya, transfoma imezidiwa, mvua. Saa moja, tatu, mara chache usiku mzima. Betri ya kuvumilia mgao wa saa kumi na mbili na betri ya kuvumilia saa tatu hazilingani kwa bei.

Mpwa wa mwalimu alipendekeza betri nne za jeli, aina ya betri za risasi zilizozibwa, za volti 12 na ampea-saa 200. Ni hoja ya kweli na niliichukua kwa uzito: kwa nusu yake zinatoa kilowati-saa 4.8, karibu sawa na lithiamu moja, na siku ya kununua ni nafuu. Lakini ni karibu kilo 240 za kuweka mahali, na kwa joto la Kigamboni ningeshangaa zikifika mwaka wa nne zikiwa na nguvu. Lithiamu ya chuma na fosfeti, ile ya kazi ya sola, huhesabiwa mizunguko elfu tatu na zaidi ya kujazwa na kutumiwa na ina kilo hamsini hivi. Tukaacha jeli.

Kwenye inveta nusura tuharibu. Duka lilikuwa na haibridi, yaani inveta inayoshika paneli, betri na gridi kwa pamoja, ya bei nzuri ambayo mlango wake wa paneli unapokea mwisho volti 145. Paneli nane za mwalimu zimefungwa mstari mmoja, kila moja ina volti 49 ikiwa haina mzigo: 392. Ungeichomeka asubuhi, ungekunywa chai na moshi. Kuifaa ingebidi kupanda paani, kuvunja mstari kuwa jozi nne, kununua boksi la kuunganishia na waya mnene zaidi. Tulichukua ya kilowati 5 inayopokea hadi volti 500, paneli zikabaki zilivyo. Mtu anayetaka kuongeza betri kwenye sola ya zamani aanze kwa kupima volti za mstari wake juu ya paa. Inveta ya zamani ya gridi aliiuza.

Njia ya pili ilikuwepo: kuiacha inveta ya zamani mahali pake na kuongeza inveta ya betri pembeni, ambayo gridi ikizima inaigiza gridi na ile ya zamani inaendelea kumwaga jua. Kwenye mfumo mkubwa na mpya ningefanya hivyo. Kwa kilowati 3.6 isingelipa.

Haibridi tuliyofunga haisukumi umeme kwenda nguzoni kabisa, na hilo lilikuwa faida ya pembeni. Mita nyingi za kulipia kabla hazibagui umeme unaingia au unatoka, zinahesabu tu. Mwalimu alikuwa ameshashangaa kwa nini siku wanazosafiri, nyumba ikiwa tupu na jua kali, uniti zilikuwa zinashuka.

Kufunga kulichukua siku mbili, nyingi zikiishia kwenye bodi ya saketi. Nilitenga bodi mbili. Upande wa inveta: friza, jokofu, taa, feni, soketi za sebuleni na vyumbani. Upande wa gridi: hita ya bafuni na soketi ya jiko la presha. Pampu niliiwekea swichi ya kugeuza, mchana inakula jua, usiku ikibidi inakula gridi. Betri ilipanda ukuta wa korido unaotazama kibaraza, kwenye kivuli, mbali na paa la bati na mbali na jiko. Kilowati 5 kwa volti 51 ni karibu ampea 100, kwa hiyo waya wa milimita za mraba 35, viunganishi vilivyobanwa kwa mashine, na fyuzi ya ampea 125 inayokubali umeme wa moja kwa moja (DC), ule wa betri. Breka ya kawaida ya nyumbani haifai hapo. Umeme wa betri hauna nukta ya sifuri ya kuuzima moto unapokatwa, cheche inaendelea kuwaka ndani hadi plastiki iyeyuke.

Sasa kosa langu. Usiku wa tatu, saa 11 alfajiri, mama akanipigia. Gridi imekatika, na nyumba nzima giza. Friza imezima. Jua halijatoka.

Nilikuwa nimeweka mipangilio kwa mazoea ya betri za risasi: volti zikishuka hadi 48, rudi kwenye gridi. Kwa betri nne za risasi volti hiyo ni mahali pa kuanza kujali. Lithiamu haishuki hivyo. Inatembea tambarare, ikiwa nusu inasoma volti 52 na ushee, ikibaki robo inasoma karibu ileile, kisha mwishoni inadondoka kama nazi. Ikifika 48 imekwisha. Kwa hiyo kila usiku tulikuwa tunaikamua hadi chini, na usiku gridi ilipokatika kitunza-betri cha ndani, kile mafundi tunachokiita BMS, kikafunga mlango kujiokoa. Betri ilifanya kazi yake vizuri. Mimi ndiye niliyeipa amri mbaya.

Nilirudi asubuhi na kichwa chini. Dawa ni kuiacha inveta izungumze na betri yenyewe badala ya kubahatisha kwa volti. Kuna waya wa mawasiliano, unafanana na ule wa intaneti, lakini mpangilio wa pini wa upande wa betri na wa inveta haukulingana, na uliokuja kwenye boksi ulikuwa bubu. Nikakata, nikapanga upya kwa kufuata vitabu viwili, nikabana. Kwenye kioo cha inveta ikatokea asilimia badala ya volti tu. Nikazima pia ile chaji ya kusawazisha ya betri za maji, ambayo kiwandani inakuja imewashwa na ingepandisha volti hadi BMS ikate kwa upande wa juu. Kisha tukaweka: betri ikifika asilimia 40, gridi ichukue mzigo. Arobaini inayobaki ni ya giza tu.

Kwa hesabu, akiba hiyo inashika friza, jokofu na taa mbili kwa muda wa saa 8. Wakiwasha feni zote na televisheni, saa 3. Niliiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya inveta, kwa maandishi makubwa, maana inveta yenyewe inazungumza kwa alama ambazo hata mimi huzitafutia kitabu.

Kiangazi kilipita bila neno. Betri ilikuwa imejaa kila siku saa saba mchana. Masika ilipoingia, kulikuwa na siku nne mfululizo ambazo paneli zilitoa kidogo kiasi kwamba friza na feni za mchana zilimaliza zote, na betri haikupanda juu ya asilimia 55. Umeme nao, kama kawaida ya mvua, ukakatika mara mbili. Akiba ilivumilia, ya pili kwa shida. Tangu hapo, mwezi wa tatu ukianza mama anapandisha ile 40 kuwa 60, na mwezi wa sita anairudisha. Anafanya mwenyewe, alinifuatilia mkono mara moja tu.

Mwezi uliopita mwalimu alinipigia akitaka betri ya pili. Nikamwomba picha ya kalenda ya jikoni. Akanitumia. Kalamu nyekundu bado ipo, namba za Jumatatu hadi Jumamosi zinacheza kwenye moja na nusu. Kila Jumapili ni mbili na kitu, na pembeni yake, mwezi mzima, neno lilelile: "pasi".

Nikamwandikia kwamba betri ya pili bado, aanze na sare za wajukuu. Akanijibu niende nikawaambie mwenyewe.